Kubadilisha nyonga: mishipa ipi ya damu hulindwa?

Mama anawekewa nyonga bandia. Mishipa yake ya damu itakatwa?
Midogo kadhaa, ndiyo. Daktari anayepitia mbele hukuta matawi ya ateri yamekatiza njia yake. Huyafunga au huyachoma kwanza, ndipo asonge mbele. Misuli ya pale hupata damu kwa njia nyingine.

Lakini si tunaambiwa mfupa ukikosa damu hufa?
Hufa kweli. Kichwa cha mfupa wa paja hulishwa zaidi na ateri moja, inayopita upande wa ndani wa paja kisha kupanda nyuma ya shingo ya mfupa, jirani na misuli midogo inayogeuza mguu nje. Ila kwa mama, kichwa hicho kitakatwa kwa msumeno na kutolewa, kwa hiyo hakuna cha kulishwa tena. Baadhi ya wagonjwa, wakiwemo wenye selimundu, hubadilishiwa nyonga kwa sababu kichwa kimeshakufa.

Hesabu hugeuka pale kichwa kinapobaki, mathalani kikichongwa tu na kuvikwa kofia ya chuma. Hapo ateri hiyo ndiyo roho ya mfupa. Mwaka 2001 Reinhold Ganz na wenzake wa Bern, Uswisi, walieleza namna ya kuitegua nyonga kwa makusudi bila kuigusa ateri hiyo: hukata kipande cha kifundo cha nje cha paja pamoja na misuli yake, na ile misuli midogo ya nyuma haiguswi. Katika nyonga 213, hakuna kichwa kilichokufa. Kwangu mimi huo ni ufundi wa hali ya juu.

Basi kwa mama, hatari iko wapi?
Kwenye mishipa mikubwa ya nyongani na kinenani. Ni nadra kujeruhiwa, ila ikitoboka damu humwagika kwa kasi. Skrubu za kushikilia kikombe cha nyonga bandia huelekezwa nyuma na juu, penye mfupa mnene. Za mbele zinaweza kutokeza ndani na kugonga mishipa. Vyuma vya kuvutia nyama pembeni navyo huwekwa kwa tahadhari.

Tumwambie nini daktari?
Kama anatumia dawa za kuzuia damu kuganda, ana kisukari, amewahi kupasuliwa mishipa ya mguu, au shavu la mguu humuuma akitembea. Baada ya upasuaji, mguu ukiwa baridi, umepauka au umekufa ganzi, mwiteni muuguzi papo hapo. Shavu la mguu likivimba na kuuma, au pumzi ikimkata ghafla, msingoje kliniki.