Tochi, Kamera na Dakika Moja ya Kijijini

Dereva yeyote aliyezoea barabara ya Dar es Salaam kwenda Morogoro anaijua lugha ya taa. Gari linalokuja mbele yako linakuwashia taa mara mbili mchana kweupe, nawe bila kuuliza unaondoa mguu kwenye mafuta, kwa kuwa umeelewa kwamba mbele kuna askari mwenye tochi, kile kifaa cha mkononi cha kupimia mwendo wa magari. Ukishampita, unakanyaga tena. Madereva huihesabu desturi hii kuwa hisani baina yao, na hisani yenyewe siibezi. Lakini kwa sisi ambao kazi yetu ni kutoa elimu ya usalama barabarani, inaonyesha wazi kwamba kibao cha kilomita 50 kwa saa kilichosimama pale mwaka mzima hakimpunguzi mtu mwendo mpaka askari awe chini yake. Mjadala wa kamera na faini za kielektroniki ungepaswa kuanzia hapo, ingawa mara nyingi huanzia kwenye fedha.

Sheria yenyewe haina utata. Kifungu cha 51 cha Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973, Sura ya 168, kinaweka ukomo wa kilomita 50 kwa saa katika miji, vijiji na maeneo mengine ya makazi, na faini ambayo madereva wameizoea kwa miaka mingi ni shilingi 30,000 kwa kosa. Kinachohitaji maelezo ni kwa nini namba iwe 50, na jambo hilo mtu anaweza kujipimia mwenyewe.

Simama kwenye kivuko cha waenda kwa miguu mbele ya shule ya msingi iliyo kando ya barabara kuu, pima mita 100 kutoka hapo, kisha uweke alama ya chokaa pembeni mwa lami. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa litatumia sekunde 7.2 kutoka kwenye alama hadi kivukoni. Linalokwenda 80 litatumia sekunde 4.5. Barabara yenye upana wa mita 7 huvukwa kwa muda usiofika sekunde 6 na mtu anayetembea mita 1.2 kwa sekunde, ambao ndio mwendo wa kawaida. Maana yake ni kwamba mtoto anayeliona basi likiwa kwenye ile chokaa na kuamua kuvuka, atafika ng'ambo ikiwa basi liko kwenye 50, na akiwa bado na nafasi ya sekunde moja na ushee. Basi likiwa kwenye 80, litamkuta amebakiza mita 1.6, na kama linapita upande ule wa pili wa barabara, mita hizo ni zake. Mtoto huyo hakufanya uzembe wowote: alitazama, akaliona basi, akakadiria umbali, kwa kuwa umbali ni rahisi kuukadiria kuliko mwendo.

Sasa tumsikilize dereva. Kijiji chenye urefu wa kilomita 3 humchukua dakika 3 na sekunde 36 akiwa kwenye 50, na dakika 2 na sekunde 15 akiwa kwenye 80. Anachopoteza ni dakika 1 na sekunde 21. Kwa kijiji kimoja ni kitu kidogo, ila dereva wa basi anayepita vijiji 20 hupoteza dakika 27, na abiria wake wanapiga kelele kwamba wanacheleweshwa. Hasira yake basi ina msingi, hasa pale eneo la 50 linapoendelea hadi porini, mbali na nyumba ya mwisho, au pale kibao kinapokuwa kimefunikwa na matawi ya mwarobaini, au kimeng'olewa na kuuzwa kama chuma chakavu. Kumtoza mtu faini kwa kibao ambacho hakipo ni kosa la mwenye barabara kabla halijawa kosa la dereva, na kamera itakayofungwa mahali kama hapo itachapisha dhuluma kwa haraka kuliko askari yeyote.

Kuhusu uaminifu wa mashine, hofu nyingi zimekaa mahali pasipo pake. Wapo wanaoamini kwamba askari akisimama pembeni ya barabara, tochi ya rada husoma mwendo mkubwa kuliko wa kweli. Hali ni kinyume. Rada hurusha mawimbi yanayogonga gari na kurudi yakiwa yamebadilika kulingana na kasi ambayo gari linaikaribia mashine, kwa hiyo mashine ikiwa pembeni kwa nyuzi 20, gari la kilomita 60 kwa saa husomeka takriban 56, na dereva ndiye anayefaidika. Tatizo la kweli ni jingine: mawimbi ya rada husambaa kadiri yanavyokwenda mbali, na magari mawili yanapopitana inaweza kuwa vigumu kujua ni lipi lililopimwa. Tochi ya leza ina mwali mwembamba zaidi. Ndiyo maana picha lazima ionyeshe gari moja bila shaka, namba yake, mwendo, mahali, tarehe na saa, na mashine yenyewe iwe imehakikiwa ndani ya muda wake. Ufaransa hupunguza pia kilomita 5 kwenye usomaji wa kamera za kudumu pale mwendo usipozidi 100, ili dereva asiumizwe na kosa dogo la kipimo.

Swali gumu zaidi, ambalo halizungumzwi vya kutosha, ni nani hasa anayeadhibiwa. Kamera husoma namba ya gari, na deni huandikwa kwenye namba hiyo. Mwenye Noah aliyemkabidhi kijana gari kwa hesabu ya kila siku anaweza kugundua miezi baadaye kwamba gari lake lina faini kadhaa, na mnunuzi wa gari lililotumika asipokagua madeni hayo kabla ya kulipia huyarithi pamoja na funguo. Uingereza mwenye gari hutakiwa kisheria kumtaja aliyekuwa akiendesha, na mtajwa ndiye anayeandikiwa. Kwetu, anayelikana kosa ana haki ya kukataa faini ya papo kwa papo na kwenda mahakamani. Lakini ni nani atakayeacha kazi siku tatu kwa ajili ya shilingi 30,000? Haki ambayo gharama yake inazidi faini itatumiwa na wakaidi peke yao.

Haya si ya kufikirika. Juni 2025 Uganda ilianza kutoza faini za kamera moja kwa moja, kuanzia shilingi 200,000 za nchi hiyo kwa mwendokasi, na ndani ya mwezi huohuo serikali ikalazimika kuusimamisha mfumo baada ya madereva kulalamikia ukubwa wa faini, muda mfupi wa kulipa na maeneo yenye ukomo wa kilomita 30 kwa saa ambayo wengi hawakujua yanaanzia wapi. Ufaransa ilifunga kamera zake za kwanza za namna hii mwaka 2003. Waliokufa barabarani mwaka 2002 walizidi 7,000. Mwaka 2006 walikuwa chini ya 5,000, ingawa udhibiti wa ulevi na mikanda nao ulichangia. Huko kamera za kudumu zilitanguliwa na vibao vya onyo, jambo ambalo askari wetu wa kichakani angeliona kuwa ni kuharibu windo.

Kwa maoni yangu, kamera inayofaa barabara zetu kuu ni ile inayopima wastani. Kamera moja huwekwa mwanzo wa kijiji, nyingine mwisho wake, zote zikiwa wazi na zimepakwa rangi inayoonekana, na kila moja huandika namba ya gari na saa lilipopita. Katika kile kijiji cha kilomita 3, gari litakalotumia chini ya dakika 3 na sekunde 36 limezidisha mwendo, hata kama lilipunguza mbele ya kamera zote mbili. Hapo anayekuwashia taa atakuwa anakusalimia tu.