Malaria haijala seli zako nyeupe

Nimeletewa tena karatasi ya FBP, kipimo cha picha kamili ya damu, kwenye dirisha la maabara. Limfosaiti, aina mojawapo ya seli nyeupe, zimewekewa alama ya kushuka, na mwenye karatasi ameshajihukumu: "Dokta, malaria imekula seli nyeupe zote. Duka la dawa wamenipa hivi vidonge vya kuongeza kinga." Leo naandika, maana kule dirishani foleni hainipi nafasi.

Kimelea cha malaria aina ya falsiparum kikitoka kwenye ini kinaingia seli nyekundu, na hizo ndizo chakula chake. Anayemla mwenzake huku kwingine ni seli nyeupe. Weka slaidi ya damu iliyotiwa rangi ya Giemsa chini ya darubini utafute monosaiti, seli nyeupe mlaji: mara nyingi utaikuta na punje za kahawia iliyoiva kukaribia weusi. Hiyo ni hemozoini, taka za himoglobini iliyoliwa na kimelea, na monosaiti imezimeza. Ikishiba sana huwa nzito kazini, hilo nakubali. Nikiziona punje hizo ndani ya neutrofili (seli nyeupe nyingine) nyingi za mtoto aliyelegea, nampigia simu daktari wa wodi hata kama vimelea vyenyewe ni vichache kwenye slaidi. Vingine vimejibanza kwenye mishipa midogo, ambako sindano yangu haifiki.

Sasa limfosaiti. Takriban asilimia 2 tu ya limfosaiti za mwili ndizo zinazozunguka kwenye damu. Zilizobaki ziko kwenye wengu, tezi, utumbo na kwingineko. Malaria ikipamba moto, nyingi za damuni nazo huondoka kwenye mzunguko, wengu ukiwa mwitaji mkuu. Ni kama kupita mtaani saa ya maziko, ukahesabu waliobaki vibarazani, ukatangaza mtaa umekwisha. Maliza dawa mseto, rudi baada ya siku kadhaa, utazikuta. Vidonge vya kinga havikuwa na kazi hapo.

Si kwamba zote zimehama tu. Baadhi hufa kweli, kwa kujimaliza zenyewe, na mgawanyo kati ya zilizohama na zilizokufa bado unabishaniwa. Vitabu vingi hulipita hilo kwa sentensi moja.

Kinachonichosha hasa ni CD4. Hizo nazo ni limfosaiti! Malaria ikipanda zinashuka pamoja na wenzake, hata kwa mtu asiye na VVU. Halafu mtu anapimwa CD4 akiwa na homa ya nyuzi 39, anaambiwa kinga imekwisha, na nyumbani kunalia kama kuna msiba. CD4 si kipimo cha kugundua VVU, kipimo chake kipo. Na anayeishi na VVU, mtibuni malaria kwanza, CD4 irudiwe akishapona.

Wenzangu wa maabara nanyi msicheke. Tunahesabu vimelea mpaka seli nyeupe zitimie 200, tunagawa kwa hizo 200, kisha tunazidisha kwa 8,000, kana kwamba kila Mtanzania ana seli nyeupe 8,000 katika kila maikrolita. Mwenye karatasi ile ana 4,000. Kwa hesabu hiyo tumemwongezea vimelea mara mbili, na kesho mtu atalinganisha na slaidi ya pili, ambapo seli zimeanza kurudi, aseme dawa imefanya kazi au imegoma. FBP yake iko pale pale mezani, namba halisi imeandikwa. Zidisheni kwa hiyo.