Usiandike namba moja: orodha ya wapiganaji wa Kagera tunavyoitunza hapa Dodoma

Mzee mmoja wa Bahi alikuwa na desturi ya kumpigia mwenzake wa Mpwapwa kila Jumapili akitoka kanisani. Mwaka 1979 walikuwa kombania moja. Jumapili moja simu haikupokelewa. Iliyofuata haikupatikana kabisa, na miezi ikapita hivyo, mzee akipiga tu. Kisha siku moja ikaita, ikapokelewa na msichana: yuko Mbeya, laini ameinunua juzijuzi, huyo babu anayeulizwa hamjui.

Mjukuu wa mzee wa Bahi ndiye aliyenipigia. "Shikamoo mama. Babu hajala tangu jana, anasema Mpwapwa kumetokea jambo." Lilikuwa limetokea kweli, lakini zamani. Rafiki yake alikuwa kaburini nusu mwaka, arobaini imeshapita, laini imefungwa kwa kutotumika na namba ikauzwa upya. Familia ya Mpwapwa haikuwa na nia mbaya. Hawakujua kwamba Bahi kuna mtu wa kuambiwa.

Mimi ni mtunza kumbukumbu kwa taaluma. Nimezoea majalada, maboksi na rejesta, na kwa miaka kadhaa nimekuwa nikiwasaidia wazee waliopigana Vita vya Kagera, wa hapa Dodoma na wilaya zake, kutunza orodha ya wenzao. Kabla ya simu ile niliamini orodha nzuri ni ile yenye jina, cheo, kikosi, kijiji na namba ya simu. Nilikuwa nimeiandaa vizuri sana. Na yule marehemu wa Mpwapwa alikuwamo, ukurasa wa nne, namba yake ile ile iliyohamia Mbeya.

Tangu siku hiyo kila jina nimeliandikia namba tatu: ya mzee mwenyewe, ya mtu anayelala naye nyumba moja, na ya mtoto au mjukuu anayeishi mbali. Ya pili ndiyo muhimu kuliko zote. Mara nyingi ni ya mke, binti au mkwe, yaani yule anayejua mzee ameamkaje leo. Ya tatu ni ya siku ambayo nyumba itavunjika, mjane ahamie kwa mwanawe Singida au Morogoro, na wa kumuulizia kijijini wasiwepo. Mwenye namba ya pili naongea naye uso kwa uso, namwambia: mama, siku likitokea la kutokea, nipigie mimi au mpigie huyu. Nampa jina la mpiganaji mmoja tu aliye jirani. Ukimpa mtu mwenye msiba majina kumi, hampigii hata mmoja.

Kwa nini haraka yote hii? Hesabu ni nyepesi. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka, na tarehe 1 Novemba Amin akatangaza kwamba ardhi yote ya kaskazini mwa Mto Kagera ni ya Uganda. Kesho yake Mwalimu Nyerere akasema maneno yale, kwamba uwezo wa kumpiga tunao, sababu tunayo na nia tunayo, ambayo wazee hawa mpaka leo huyasema kwa pamoja kama sala. Kijana aliyekuwa na miaka 20 siku hiyo leo anakaribia 70 au ameshaipita. Aliyekwenda akiwa sajenti wa miaka 32 amepita 75. Na hawakwenda wanajeshi wa JWTZ peke yao. Walikwenda vijana wa JKT, polisi, askari magereza na mgambo kwa maelfu, waliotoka shambani na jembe wakarudi shambani na jembe.

Mgambo ndio wanaonitia wasiwasi zaidi. Askari wa kudumu ana kambi inayomjua, ana faili, ana tarehe ya kustaafu. Ana pia vyama vya wastaafu vyenye uongozi na vikao. Mgambo wa Chipogolo au Kibaigwa anajulikana na watu waliolala naye kwenye handaki moja, basi. Wakiisha hao, hakuna rejesta ya kijijini itakayosema alikuwako Masaka, kule Uganda. Kwake yeye orodha ya kikosi ndiyo faili.

Nieleze ninavyoipata historia yenyewe, maana hapa vijana wengi wenye nia njema hukosea. Wanafika na simu, wanaiwasha usoni kwa mzee, swali la kwanza: "Babu, uliua wangapi?" Mzee ananyamaza, au anawapa hadithi ya kuwaridhisha. Swali hilo mimi siulizi kabisa, si la kwanza wala la mwisho. Akitaka kulisema atalisema, na akilisema nazima kinasa sauti mpaka aniambie niwashe.

Naanza na chakula. Mlikuwa mnakula nini pale? Nani alikuwa mpishi? Ukimuuliza mzee kuhusu vita kwa jumla atakutajia majenerali, watu ambao kila mtu anawajua. Ukimuuliza kuhusu sufuria atakutajia watu waliokaa kuizunguka. Mmoja alikuwa mvivu wa kuosha, mwingine alikuwa na chumvi yake mfukoni haigawi, wa tatu alikuwa Mhehe na haikupita siku bila yeye kumtania Mgogo kwa ajili ya mlenda. Majina ninayoyatafuta yako humo. Kisha nauliza njia: mlipandia gari wapi, mlivukaje mto pale Kyaka wakati daraja limekwisha kulipuliwa, mvua iliwakuta wapi? Tarehe siulizi. Tarehe nitazipanga mwenyewe baadaye, maana zinajulikana: Masaka ilitekwa Februari 1979, Lukaya ni Machi, Kampala ni tarehe 11 Aprili. Mzee akisema "tulikuwa bado kwenye matope, roketi za saba-saba zinapita juu", nakaa naye hapo hapo kwenye matope.

Nakwenda asubuhi, baada ya chai, kabla jua la Dodoma halijawa kali. Muda wa saa moja na nusu unatosha. Nakaa upande wa sikio linalosikia, na hilo nalijua kwa kumuuliza binti yake mapema, maana wengi masikio yao yalibaki kule kule kwenye mizinga na hawapendi kulisema. Namsalimu "Mbukwa" kwanza, kisha shikamoo, kisha cheo chake. Cheo nakihakiki kabla. Ukimwita koplo mtu aliyemaliza akiwa sajenti umemvua kitu mbele ya wajukuu wake. Mgambo naye namwita mpiganaji. Nimewaona wakinyoosha mgongo kwa neno hilo.

Kuhusu picha na karatasi, naomba mnisikilize kwa makini, kwa sababu uharibifu mwingi ninaouona umefanywa na upendo. Familia inaona picha ya babu imeanza kukunjika, inaipeleka duka la steshenari kuifanyia lamination. Msifanye hivyo. Moto na gundi vikishaingia kwenye picha havitoki tena, na picha hiyo hata fundi bingwa hawezi kuitengeneza. Itieni kwenye bahasha ya karatasi, si ya plastiki. Andikeni nyuma kwa penseli laini, pembeni, wala si kwa kalamu ya wino inayopenya mpaka kwenye sura ya mtu. Sanduku la bati ni zuri, lakini liinueni juu ya matofali na lisiguse ukuta. Mchwa wa Dodoma hawamwogopi mwanajeshi. Nimefungua sanduku Mvumi nikakuta cheti cha mzee kimebaki fremu tu.

Nakala za kompyuta nazipiga kwa nukta 600 kwa inchi, naweka sehemu mbili, na moja lazima iwe nje ya nyumba hiyo. Mkitumiana kwa WhatsApp itumeni kama faili la hati, kwa sababu ikitumwa kama picha inabanwa, na sura ndogo za mstari wa nyuma ndizo zinazopotea kwanza. Mstari wa nyuma ndio wenye watu tunaowatafuta.

Sherehe za kitaifa zina nafasi yake, na mimi huenda kila ninapoweza. Tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa, mkuki na ngao vikiwekwa mnarani, mwili husisimka. Siku kama hiyo mwaka 2016, hapa hapa Dodoma, Rais Magufuli alitangaza kwamba Serikali inahamia, kwa hiyo mji wetu una kumbukumbu mara mbili na tarehe hiyo. Lakini mzee wa Mvumi mwenye magoti mabovu hafiki mnarani. Nauli ipo, anayemshika mkono hayupo, na anaogopa kukaa muda wa saa nne mahali asipojua choo kiko wapi. Hilo la choo ni mabinti walioniambia, wazee wenyewe hawakulitaja. Ndiyo maana kukutana kwetu tunakufanya kijijini kwa mzee aliye dhaifu kuliko wote, hata kama wengine watapanda basi mara mbili. Tunakaa kivulini, kwenye viti vyenye mgongo, choo kimekaguliwa jana yake. Ugali wa uwele, kuku, zabibu zikiwa msimu wake. Halafu majina yanaitwa.

Uitaji huo ulianza wenyewe. Mjukuu anasoma orodha, aliyepo anajibu "Nipo, afande." Jina la marehemu wa Mpwapwa liliposomwa kwa mara ya kwanza palikuwa kimya, mjukuu akaanza kwenda jina linalofuata. Mjane wake akasimama, akasema: "Nyumba yake ipo." Basi tangu hapo nyumba zote zinajibu. Wajane wana haki ya mchango kama waume zao walivyokuwa nayo, tunazikana nao na kuuguzana nao, na watoto wao wamo kwenye kundi la simu. Wapo waliopinga mwanzoni, wakisema kikosi ni cha waliopigana. Niliwaeleza kama mtunza kumbukumbu: orodha isiyoongezwa jina jipya ina ukurasa wa mwisho unaojulikana.

Msibani ndipo utaona faida yake. Mwaka huu tulimzika mgambo mmoja wa Chamwino. Kambi haikuwa na sababu ya kuleta gwaride. Walikuja wenzake tisa, mmoja kutoka Iringa kwa basi la usiku, Mhehe yule yule wa mlenda, naye akafanya kazi ya mtani mpaka waombolezaji wakacheka katikati ya machozi. Alikuwa ameegemea fimbo muda wote. Jeneza liliposhushwa akaiweka fimbo chini, akaita "Mguu sawa!" kwa sauti ambayo sikujua anayo, na wazee tisa wakasimama wima. Simu iliyofikisha habari mpaka Iringa ilianzia kwa binti wa marehemu. Namba ya pili.

Kazi iliyopo mezani kwangu sasa hivi ni picha moja iliyopigwa Uganda baada ya vita, vijana saba mbele ya lori. Nyuma yake hapakuandikwa kitu. Watano walitambuliwa siku ile ile nilipoileta kikaoni. Wa sita alitambuliwa na mwenye duka Kondoa, kwa umbo la masikio yake, akasema ni kaka yake mkubwa na hakuwahi kuiona picha hiyo. Amebaki wa saba, kulia kabisa, mwenye redio begani. Wenzake wanamkumbuka kwa jina la utani tu, Mkaa, na kwamba aliimba vizuri na alipokea barua kutoka stesheni ya Manyoni. Jumanne napanda basi kwenda Manyoni. Nimechapisha nakala nne kubwa, na nimeambiwa nianze kwa wazee waliofanya kazi reli.