Jani la juu, jani la chini

Mwaka 2016 watafiti walifundisha kompyuta kwa picha 54,306 za majani, ikatambua magonjwa ya mimea kwa usahihi wa asilimia 99.35. Majani hayo yalipigwa picha moja moja, mengi yakiwa yamechumwa na kulazwa juu ya kitu cha rangi moja. Ilipopewa picha zilizopigwa katika mazingira mengine, ikashuka hadi asilimia 31 hivi. Kwa hiyo ninapobuni akili mnemba ya kilimo huanzia shambani, nikikaa na mkulima mpaka nione yale ambayo asingenieleza hata ningemhoji mara kumi.

Huko Mkuranga, Tanzania, tulimpa mama mmoja simu yenye programu ya majaribio ya muhogo. Mkono ukaenda moja kwa moja kwenye majani machanga ya kileleni, yale anayochuma kisamvu. Ugonjwa wa batobato huonekana huko vizuri. Ugonjwa mwingine, michirizi ya kahawia, hujificha: unjano wake hufuata mishipa ya majani yaliyokomaa, ya chini. Programu ikajibu kwamba shina ni zima. Tukaling'oa, tukakata muhogo: ndani mabaka ya kahawia, magumu na makavu. Kosa lilikuwa letu. Hatukumwonyesha ashike jani gani.

Kisha akaniuliza, "Sasa mwanangu, hapa nichukue mbegu au nisichukue?"

Mbegu ya muhogo ni pingili, yaani vipande vya shina. Magonjwa haya ni ya virusi, hayana dawa ya kupulizia. Huenezwa na inzi weupe na pingili zenyewe, ambazo majirani hupeana bure. Sisi tulikuwa tumetengeneza kitu cha kutaja jina la ugonjwa, wakati yeye ana uamuzi wa kufanya kuhusu msimu ujao, wake na wa jirani zake.

Tukaliandika tatizo upya. Kielelezo cha pili cha programu kilikuwa karatasi tupu na penseli: mchoro wa shina, mshale kwenye jani la chini, agizo la kukagua mashina kadhaa, halafu jibu kuhusu mbegu. Niliongeza jibu la "sina uhakika, muite bwana shamba". Wenzangu walilipinga, nikalipigania, kwa sababu jibu la uongo linamgharimu mkulima mwaka mzima.

Mama aliitazama karatasi, akaomba penseli, akachora muhogo uliokatwa pembeni ya jani.

"Na huu, mbona hamuulizii?"

Sasa tunakusanya picha za mihogo iliyokatwa.