Je, wajua ramani ya kidijitali hujuaje mtu wa kawaida alikuwa wapi miaka mia iliyopita?

Wanamuziki na washairi wa Harlem ya miaka ya 1920 tunawajua. Picha zao zipo, santuri zao zipo, na vitabu vilivyoandikwa juu yao vinajaza makabati. Lakini vipi kuhusu dobi aliyepanga chumba ghorofa ya nne, au kijana aliyeendesha lifti kwa ujira wa wiki? Hao hawakuacha kumbukumbu za maisha yao wala barua zilizotunzwa. Hata hivyo, leo unaweza kufungua ramani ya kitongoji hicho cha kaskazini mwa Manhattan, New York, ukabofya nukta moja na kusoma nani aligombana na nani, mlango upi, tarehe ngapi. Habari hizo zimetoka wapi?

Kwa sehemu kubwa zimetoka polisi na mahakamani.

Ramani yenyewe inaitwa Digital Harlem, na inahusu miaka ya 1915 hadi 1930. Walioitengeneza ni wanahistoria wanne wa Chuo Kikuu cha Sydney: Shane White, Stephen Garton, Stephen Robertson na Graham White. Ndiyo, Sydney ya Australia, upande wa pili wa dunia kabisa. Waliifungua kwa umma mwaka 2009, na mwaka huohuo ikapata tuzo ya American Historical Association, chama cha wanahistoria wa Marekani. Malighafi yao kuu ilikuwa majalada ya mwendesha mashtaka wa Manhattan yanayotunzwa katika hifadhi ya nyaraka za jiji, wakaongeza magazeti ya watu weusi ya wakati huo kama New York Age na Amsterdam News.

Kwa nini polisi? Kwa sababu karani wa polisi hana muda wa mashairi. Anataka jina, umri, kazi, saa ya tukio, na zaidi ya yote anataka anwani: ya mshtakiwa, ya mlalamikaji, ya mahali palipotokea kisa. Ugomvi mmoja wa kodi ya chumba unamwachia mwanahistoria nukta tatu za kuweka kwenye ramani. Shahidi naye, akieleza kwa nini alikuwa pale, anataja bila kukusudia kwamba alikuwa ametoka kanisani au kwa kinyozi. Kisa kinakuwa cha wizi, lakini kinachobaki kwa msomaji wa leo ni mzunguko mzima wa Jumapili ya mtu.

Utajiri mkubwa zaidi umo katika majalada ya probesheni, yaani ya watu walioachiwa chini ya uangalizi badala ya kufungwa. Afisa aliyepewa mtu wa kumfuatilia alimtembelea nyumbani, akauliza kazini kwake na kanisani kwake, akaandika kila alipohama. Na watu wa Harlem walihama sana. Kodi ilikuwa juu mno ikilinganishwa na mishahara, kwa hiyo familia zilipangisha vyumba vyao kwa wageni, na wageni hao wakahama mara kwa mara. Ukiziunganisha anwani za jalada moja, unapata ramani ya maisha ya mtu mmoja: alipolala, alipofanya kazi, alipocheza, alikokuwa na ndugu.

Sasa, anwani inageukaje kuwa nukta? Kompyuta inahitaji latitudo na longitudo, haijui "namba 120". Bahati nzuri Manhattan ina mpangilio wake. Kwenye mitaa inayokwenda mashariki na magharibi, hesabu huanzia Fifth Avenue. Upande wa magharibi, namba za mia moja ziko kati ya Lenox Avenue na Seventh Avenue, na za mia mbili kati ya Seventh na Eighth. Namba shufwa ziko upande wa kusini wa mtaa, witiri upande wa kaskazini. Kwa hiyo ukipewa 120 West 138th Street, palipokuwa na Liberty Hall, ukumbi wa mikutano wa Marcus Garvey, kiongozi wa vuguvugu la watu weusi, hata bila kompyuta unajua kwamba ni kati ya Lenox na Seventh, upande wa kusini.

Barabara ndefu zinazokwenda kaskazini ni ngumu kidogo. Ukumbi wa dansi wa Savoy ulikuwa namba 596 Lenox Avenue. Ondoa tarakimu ya mwisho, ibaki 59. Gawanya kwa mbili: 29.5. Jumlisha 110, ambayo ni namba ya siri ya Lenox. Unapata 139.5, na kweli Savoy ilianzia kona ya mtaa wa 140. Kila barabara ndefu ina namba yake ya kujumlisha.

Tatizo ni kwamba jiji limebadilika. Savoy ilifungwa mwaka 1958, ikabomolewa mwaka 1959, na mahali pake pakajengwa majumba ya makazi. Seventh Avenue ya Harlem sasa inaitwa Adam Clayton Powell Jr. Boulevard, na Eighth inaitwa Frederick Douglass Boulevard. Ukimwachia programu ya leo itafute anwani ya 1925, inaweza kukupeleka kwenye maegesho ya magari. Ndiyo maana wachoraji wa ramani za namna hii hulaza juu ya picha ya sasa ramani za viwanja za zamani, zilizochorwa kwa ajili ya kampuni za bima na wenye majengo, zinazoonyesha kila jengo na namba yake.

Nukta zikishapangwa kwa tarehe na saa, mambo yaliyojificha katika makaratasi huanza kuonekana. Chukua kamari ya namba. Mchezaji aliweka hata senti moja kwenye tarakimu tatu, na namba ya ushindi ilitokana na takwimu za kila siku za New York Clearing House, ambako benki za jiji zilikuwa zikimalizana hesabu zao. Uwezekano wa kushinda ulikuwa mmoja kwa elfu, malipo ya kawaida mia sita kwa moja. Unaona mwenyewe nani alitajirika. Kwenye ramani, kamari hii haina mtaa wake: imetapakaa kote, madukani, kwenye ngazi, milangoni.

Hapo ndipo mtazamaji anapaswa kuwa macho, na kwa maoni yangu hapa ndipo wengi hudanganyika na uzuri wa kioo cha kompyuta. Nukta hiyo ni mahali polisi walipomkamata mtu. Mkusanyaji mdogo wa kamari aliyesimama mlangoni ana nukta; bosi aliyewahonga askari huenda hana hata moja. Halafu kuna ghorofa: familia kumi na mbili za ngazi moja hulundikana kwenye nukta ileile. Tena wanawake wengi wa Harlem walikuwa wakifanya kazi za nyumbani kwa wazungu sehemu nyingine za jiji, kwa hiyo ramani inayoishia mpakani mwa Harlem inawapoteza mchana kutwa.

Dawa ya sehemu ya pengo hilo ni sensa. Karatasi za sensa ya Marekani hufungwa kwa miaka 72, na zile za 1930 zilifunguliwa mwaka 2002. Karani wa sensa aligonga hata mlango wa asiyewahi kumwona hakimu, akaandika kazi ya kila mmoja, wapangaji wa ndani, kodi ya mwezi, na kama nyumba ilikuwa na redio.