Kuianika stata juani si kuitibu

“Fundi, ilizama juzi, lakini tumeianika juani siku nzima, imekauka kabisa.” Maneno haya nayasikia kila msimu wa wageni, kutoka kwa vijana wa jetiski pale ufuoni na hata kwa mafundi wa pikipiki ambao kazi yao naiheshimu. Nimechoka kuyajibu mmoja mmoja.

Kinachoila stata, yaani mota ya umeme inayozungusha injini ili iwake, ni chumvi inayobaki maji yakishaondoka. Lita moja ya maji ya bahari ina karibu gramu 35 za chumvi, na hiyo si chumvi ya mezani peke yake: imo pia kloridi ya magnesi, ambayo hunyonya unyevu wa hewani. Hapa pwani unyevu haukosekani. Stata uliyoianika mchana inalowa tena usiku kwa ndani, utando mwembamba usiouona, na sasa hewa ya kulisha kutu nayo ipo tele. Chuma cha amecha, ile sehemu ya ndani inayozunguka, kinavimba; shaba ya komutata, duara la vipande vya shaba kwenye amecha, inaota kutu ya kijani; kaboni zinazoipelekea komutata umeme zinagandamana na vishikio vyake. Jua limeikausha chumvi pale pale ilipo, basi.

Kwa hiyo dawa ya kwanza ni maji zaidi. Maji matamu. Na uyaonje kwanza, maana visima vyetu vingi vya pwani vina chumvi. Kata betri, toa plagi zote kabla hujagusa swichi: silinda ikiwa na maji pistoni haiwezi kuyabana, na ukilazimisha utaunguza amecha au kukunja konrodi, mkono unaoshika pistoni. Kisha ichomoe stata, ifungue siku hiyo hiyo, uisuuze kila pembe. Huna nafasi leo? Itumbukize yote kwenye ndoo ya maji matamu mpaka kesho asubuhi. Watu hunitazama kama nimerukwa na akili nikisema hivyo, lakini usiku mmoja ndani ya ndoo hudhuru kidogo kuliko usiku mmoja juu ya meza ikiwa na chumvi yake. Usiku mmoja, si wiki.

Ikishasuuzwa, hapo jua linaruhusiwa. Mimi huipeleka amecha kwenye oveni, nyuzi 80 hivi, saa kadhaa, maana maji hujificha chini ya nyaya.

Sasa nyundo. Tafadhali, acheni kuigonga stata! Najua kwa nini mnaigonga: kaboni imekwama, pigo linaisogeza, injini inawaka, na aliyegonga anaitwa fundi. Lakini stata nyingi za jetiski hazina koili kwenye mkebe; zina sumaku zilizogundishwa kwa ndani, na sumaku hizo huvunjika kama kigae. Tena kutu ikishapenya nyuma ya sumaku huisukuma taratibu mpaka gundi inaachia. Pigo moja linamalizia kazi. Ukifungua stata ya namna hiyo utaona mstari unaong'aa kwenye chuma cha amecha, mahali sumaku iliyolegea ilipokuwa ikikwaruza, na chini ya mkebe unga mweusi uliochanganyika na vipande. Hapo hakuna cha kutengeneza, tafuta nyingine. Na inaniuma, kwa sababu mara nyingi kilichotakiwa ni kusafisha kishikio cha kaboni tu, ili kaboni iteleze na springi yake isukume.

Komutata uisugue kwa msasa laini wa karatasi. Ule msasa mweusi wa kitambaa weka mbali, chembe zake hujikita kwenye shaba na kula kaboni mpya. Halafu chimbua maika, kizio cha umeme kilicho katikati ya vipande vya shaba, kwa kipande chembamba cha msumeno wa chuma, taratibu. Bushi, oringi na grisi mnavijua.

Kwenye kupima ndipo nisipoviamini vitabu. Vinasema weka testa kati ya komutata na shafti, kama umeme haupiti, amecha ni nzima. Testa ya kawaida hupima kwa volti chache mno. Amecha ambayo vanishi inayokinga nyaya zake imelainika kwa maji hufaulu mezani ikiwa baridi, kisha hufeli ikipata moto na mzigo. Megga, kipimo cha volti kubwa, inasaidia, lakini hata nayo haikuhakikishii miezi sita ijayo. Stata iliyozama siitolei gerenti, na mteja namwambia hivyo kabla hajalipa.

Ukiifunga, pima volti za betri injini ikizungushwa. Zikishuka chini ya 9.6, anza na betri, waya na soleno (swichi kubwa inayoipa stata umeme) kabla hujailaumu stata. Na tafuta maji yalikoingilia: vizibo vya nyuma visivyokazwa, sili ya shafti, bomba la ekzosti lililochanika. Stata inakaa chini karibu na sakafu ya chombo. Yakiingia tena, itakuwa ya kwanza kuzama.