Nukuu tano nyuma ya dodoso si mbinu mseto

Imenifikia tena. Pendekezo la utafiti la mwanafunzi wa uuguzi, sura ya tatu, sentensi ileile: "Utafiti utatumia mbinu mseto ili mahojiano yathibitishe matokeo ya dodoso." Mbinu mseto, yaani kutumia namba na maneno ya watu ndani ya utafiti mmoja. Nimechoka kuiandikia maoni pembeni. Naandika hapa mara moja, kuanzia sasa nitakuwa natuma linki tu.

Mahojiano hayaji kuthibitisha. Kama unajua tayari yatasema nini, usimpotezee mama wa Nanyumbu nusu siku yake ya palizi. Gawa dodoso, chambua, hitimu salama. Na si kila swali linataka mseto. Ukitaka kujua wajawazito wangapi wamechomwa chanjo ya pepopunda, fungua kitabu cha MTUHA, yaani rejista ya kumbukumbu za kituo cha afya, uhesabu.

Aina za miundo mnazijua: sambamba, namba kwanza kisha maelezo, maelezo kwanza kisha namba. Sikai hapo. Wala msiniambie ni mambo ya wanasosholojia tumeazima. Zile alama za kuandikia miundo hiyo, herufi kubwa kwa upande unaoongoza, jumlisha kwa vinavyofanyika pamoja na mshale kwa vinavyofuatana, aliziandika Janice Morse mwaka 1991, na huyo ni muuguzi.

Shida iko kwenye kuunganisha. Chukua patografu, ile chati ya kufuatilia uchungu wa mama anayejifungua. Unataka kujua kama wakunga wanaijaza ipasavyo, basi unachota mafaili na kuhesabu: mapigo ya moyo wa mtoto yapo kila nusu saa, njia imepimwa kila saa nne, umeingiza kwenye SPSS, programu ya takwimu, asilimia inapendeza. Sasa shika karatasi moja uitazame kwa macho, weka pembeni orodha ya ukaguzi. Mapigo 140, 140, 142, 140. Wino mmoja, mwandiko mmoja, haukubadilika hata pale zamu ya jioni ilipoiachia ya usiku. Yeyote aliyewahi kubaki peke yake wodini na akina mama wanne wenye uchungu anajua karatasi hiyo ilijazwa lini: mtoto ameshazaliwa, kondo limetoka, mkunga kakaa chini na chai yake. Muulize. Akikuamini atakwambia kwamba anayekuja kukagua huangalia karatasi, na mama haulizwi.

Mwanafunzi wetu anafanya nini? Asilimia anaiweka sura ya nne, nukuu anaiweka ukurasa unaofuata, na sura ya tano anaandika kuwa ujazaji ni mzuri "ingawa kuna changamoto". Jamani! Hivyo viwili vinagongana, na kugongana kwenyewe ndiyo matokeo yako. Asilimia haikukosea hesabu. Imepima jinsi wakunga wanavyomtii mkaguzi, wewe ukaiita ufuatiliaji wa uchungu. Chora jedwali la pamoja: safu ya kwanza namba, ya pili maneno ya wahojiwa, ya tatu unachoelewa sasa baada ya kuvikutanisha. Tasnifu nyingi ninazosoma, safu ya tatu ni tupu au imeandikwa "yanakubaliana". Si sisi peke yetu. Mtafiti Alicia O'Cathain na wenzake walikagua tafiti mseto za huduma za afya Uingereza, na mwaka 2008 wakaeleza kuwa ni mara chache waliweza hata kupima ubora wa muunganisho, kwa kuwa tafiti hizo hazikujaribu kuunganisha data na matokeo.

Halafu nani anahojiwa. Tuseme dodoso limekuonyesha akina mama waliohudhuria kliniki vizuri kabisa, pengine wanakaribia yale mahudhurio manane ambayo WHO inayataka tangu 2016, kisha wakajifungulia nyumbani. Fumbo lako ni hao. Majina ya siri unayo, vijiji unavijua. Lakini utamkuta mtafiti anahoji waliokaa kwenye benchi la kliniki asubuhi hiyo, yaani wale waliofika! Sababu? Benchi liko karibu na stendi.

Na anahoji kumi na wawili, kwa kuwa mtafiti Greg Guest na wenzake walisema mwaka 2006 kwamba kumi na wawili wanatosha. Someni wenyewe: walihoji wanawake wa Ghana na Nigeria wenye hali zinazofanana, kwa mwongozo mmoja, juu ya jambo lililobana. Si amri iliyoshuka mlimani.

Nami nina mashaka yangu, na vitabu havinisaidii. Namba na maneno vikigongana, niamini kipi? Kwenye patografu naegemea kwa mkunga haraka mno, labda kwa sababu nami nimekesha wodi zilezile. Huenda siku hiyo alikuwa na hasira na mkuu wake tu. Ukienda kushuhudia mwenyewe, usiku huo kila mtu anajaza kwa wakati. Tena mama akihojiwa na muuguzi atasema, "Huduma nzuri tu, mwanangu," na akihojiwa na asiye muuguzi, huyo mhoji hajui kuchimba pale mama anapoguna. Nimejaribu wote wawili. Sijaridhika na yeyote.

Lililobaki ni kamati ya maadili. Inataka mwongozo wa mahojiano mwanzoni, wakati maswali ya kweli yatazaliwa na namba za awamu ya kwanza. Kwa hiyo wengi huchapa maswali yote kabla hawajaona takwimu, na hawayagusi tena. Peleka rasimu, andika wazi kwamba itarekebishwa baada ya dodoso, kisha omba kibali cha marekebisho. Kina foleni yake, kiombeni mapema. Korosho zikishaanza kudondoka, wahojiwa wenu wa Tandahimba na Newala watakuwa wamehamia vibandani mashambani, mtawafuata huko kwa bodaboda, na hiyo nauli sijawahi kuiona kwenye bajeti ya pendekezo lolote.